Jibu: Mbwa anayekwaruza mlango ngurumo zikianza

Habari ndugu. Unasema mbwa wako wa miaka 7 hakuwa na shida, ila msimu huu mvua ikinguruma tu anakwaruza mlango mpaka kucha zinatoka damu, nawe umeanza kumfunga mnyororo. Hilo la mnyororo acha leo hii. Akitaharuki anaweza kujinyonga.

Cha kuangalia kwanza ni maumivu. Hofu inayokuja ukubwani mara nyingine huanzia kwenye nyonga au sikio linalouma, kwa hiyo daktari wa mifugo ampapase kabla hujahangaika na mengine.

Mimi niko Bukoba, na huku masika ngurumo ndizo jirani zetu. Wangu nilimtengea kona chini ya kitanda, chumba chenye dari (bati tupu ni ngoma), pazia limeshushwa, redio inaongea. Anaingia ndani wingu likiwa bado ziwani, si baada ya mlio wa kwanza. Akija kujibana miguuni mwangu namshika. Wanaosema ukimbembeleza unamfundisha woga wamekosea. Kumchapa ndiko kunakoharibu.

Kiangazi nilimpigia sauti ya radi kwenye simu, chini kabisa, huku anakula dagaa, nikipandisha kidogo kidogo. Ilichukua miezi. Bado hutetemeka, ila mlango hagusi tena.

Panadol au dawa zako za usingizi usimpe kamwe, zinaweza kumuua. Zipo za mbwa. Daktari ampime uzito ndipo aandike kipimo.