Usikimbilie rikasheni kama return bado inakuchanganya

Wengi wanaoniuliza kuhusu rikasheni, yaani fanksheni kujiita yenyewe, wanaamini hiyo ndo inayowashinda, ila nikikaa nao nikawaangalia wanavyoandika naona rikasheni haina kosa kabisa, wamekwama kwenye fanksheni za kawaida (vipande vya kodi, yaani maelekezo ya programu, unavyoviita kwa jina), hasa return, lile neno linalorudisha jibu pale fanksheni ilipoitwa. Mtu anaweka print ndani ya fanksheni, jibu linatokea kwenye skrini, basi anajua fanksheni imempa jibu. Haijampa kitu, imemwonyesha tu! Mwambie alihifadhi hilo jibu kwenye kigeu alafu alizidishe mara mbili, Python, lugha ya programu tunayotumia hapa, inamtupia kosa la TypeError lenye neno NoneType, yaani hakuna kitu, na anabaki anajikuna kichwa.

Kwahiyo mimi nikimwelekeza mtu siigusi rikasheni mpaka ajue fanksheni ikiitwa, pale ilipoitwa panabaki nini. Namwandikia jumlisha(2, 3) + 10 kwenye karatasi, achukue kalamu akate jumlisha(2, 3) aandike 5 juu yake. Ni zoezi la kitoto ila wanaolidharau ndo haohao wanarudi baadae.

Akishalizoea hilo ndo namletea hii, inayojumlisha namba kuanzia n kushuka mpaka 0:

def jumla(n):
    if n == 0:
        return 0
    return n + jumla(n - 1)

Sasa ita jumla(3) na uifuate kwa kalamu, usiifuate kichwani maana kichwani utapotea. n ni 3, inafika mstari wa mwisho inakuta haiwezi kurudisha chochote mpaka ijue jumla(2), basi inasimama palepale na 3 yake inasubiri. Inaitwa jumla(2), nayo ina n yake mwenyewe, ni 2, haina habari kabisa na ile 3 ya mwenzake, nayo inasimama inamsubiri jumla(1), naye anamsubiri jumla(0). Ni kutumana tu, kaka anamtuma mdogo wake na mdogo anamtuma aliye chini yake, na hakuna anayeondoka mlangoni mpaka aliyemtuma arudi. jumla(0) hamtumi mtu, inarudisha 0. Ndo majibu yanaanza kupanda: 1 + 0 ni 1, 2 + 1 ni 3, 3 + 3 ni 6.

Watu wanakwama hapo kwenye n kwasababu wanafikiri n ni moja inayobadilikabadilika. Hapana bwana, kwenye jumla(3) kuna n nne, kila mwito na yake.

Sehemu ya kusimama usiisahau, na pia hakikisha inafikika, maana jumla(-1) haitafika 0 hata siku moja, itashuka -2, -3 mpaka ukutane na RecursionError, kosa la kujiita kupita kikomo. Python kwa kawaida inaweka kikomo cha miito 1000 hivi inayosubiriana kwa wakati mmoja, ndo maana hata jumla(1000) inagoma wakati kodi iko sahihi. Wengine wanakimbilia kupandisha kikomo, mimi nakwambia andika lupu (kodi inayorudia hatua bila kujiita) uendelee na maisha yako, kujumlisha namba hakuhitaji rikasheni, tumeitumia kujifunzia tu.

Na hiyo Fibonacci inayopendwa kwenye mafunzo, ambayo kila namba ni jumla ya mbili zilizoitangulia, mimi siipendi kwa anayeanza. Ukiiandika kavukavu kwa rikasheni, fib(5) peke yake inazaa miito 15, fib(30) inapita milioni mbili na nusu, sasa mtu ataifuataje hiyo kwa kalamu?

Mpe folda. Hesabu mafaili yote yaliyomo kwenye folda yenye folda ndani, ambazo nazo zina folda, na hujui zinaishia wapi. Hapo jaribu kwanza kwa lupu peke yake bila rikasheni, uone inavyokusumbua kukumbuka umeshaingia wapi na bado wapi, alafu andika fanksheni inayohesabu faili moja moja na ikikuta folda inajiita yenyewe na kuongeza inachorudishiwa. Kodi haifiki mistari kumi, na folda tupu yenyewe inarudisha 0 bila hata kuiandikia if.