Waziri Mkuu kufunga Bunge kabla ya kupigiwa kura

SWALI: Assalaam aleikum, wakili. Barazani kwetu Mkomani, Lamu, tumebishana juu ya Canada mwaka 2008. Wabunge walio wengi walitaka kumtoa Waziri Mkuu, naye akalifunga Bunge. Aliwezaje? Na rais wetu je, anaweza?

JIBU: Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kufunga si kuvunja. Bunge likivunjwa, tunarudi kwenye uchaguzi. Likifungwa, wabunge hubaki wabunge, ila hawana pa kukutana, na miswada iliyokuwa mezani hufa.

Waziri Mkuu huyo, Stephen Harper, chama chake kilikuwa na viti 143 kati ya 308. Tarehe 1 Desemba vyama viwili vya upinzani vilitia sahihi mkataba wa serikali ya mseto, cha tatu kikaahidi kuwaunga mkono. Kura ya kutokuwa na imani ilitarajiwa tarehe 8. Tarehe 4 Harper akaenda kwa Gavana Mkuu, Michaëlle Jean, mwakilishi wa Malkia nchini humo, akakaa naye zaidi ya saa mbili, akatoka na idhini: Bunge lifungwe hadi 26 Januari 2009. Muda huo ndio uliomwokoa. Mseto ulilegea, chama kikuu cha upinzani kikabadilisha kiongozi, na bajeti ya Januari ikapita kwa kura za chama hicho.

Uwezo wa kuomba alikuwa nao. Hata hivyo, kwangu mimi alikosea: imani ya wabunge hupimwa Bungeni, na anayepimwa hastahili kushika ufunguo wa mlango. Uingereza mwaka 2019 majaji 11 wa Mahakama ya Juu walibatilisha kwa kauli moja hatua ya Waziri Mkuu wao wa wakati huo, Boris Johnson, ya kulifunga Bunge wiki tano, kwa kuwa haikuwa na sababu ya maana.

Kwetu Kenya, Katiba ya zamani ilimruhusu rais kufunga au kuvunja Bunge wakati wowote. Ya 2010 ilimnyang'anya uwezo huo: kifungu cha 102 chasema muhula wa Bunge huisha siku ya uchaguzi mkuu ufuatao. Tena rais wetu huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, kwa hiyo ugomvi wa nani ameshinda hupelekwa Mahakama ya Juu, si kwa wabunge.

Umebaki mlango mmoja, kifungu cha 261: Bunge likishindwa kutunga sheria ambazo Katiba imeagiza, Jaji Mkuu humshauri rais alivunje. David Maraga, Jaji Mkuu wa wakati huo, alitoa ushauri huo Septemba 2020, kwa sababu ya kanuni ya theluthi mbili ya jinsia, yaani jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti. Mahakama iliusimamisha, na Bunge lile likafika hadi uchaguzi wa 2022.