Sindano Haina Macho: kwa vijana wa shifti ya usiku

Nimewaona jana. Nyundo ya ultrasaundi, ile ya kugonga mishono ya kulehemu kwa sindano za chuma zinazotetemeka, inalia, slagi (gamba linalobaki juu ya mshono) bado imeganda, na mtu anagonga mgongo wa mshono huku anacheka na mwenzake. Nawapenda, ila mnanizeesha.

1. Gonga ukingoni, pale mshono unapokutana na bamba. Chuma kikipoa hubaki na mkazo wa kuvuta, na ukingoni ndiko nyufa za uchovu, zile za mzigo unaojirudia, hupenda kuanzia. Sindano hugeuza mkazo huo kuwa wa kubana, kama milimita 1 hadi 2 kwenda chini. Ukigonga mgongo, unatwanga maji. Na ufa unaoanzia mzizini, chini kabisa ya mshono, nyundo hii haiufikii.

2. Tafuta ufa kabla ya kugonga. Hapa nitakaa kidogo. Tulikuwa na boriti ya njia ya kreni, kesho yake ipakwe rangi. Msimamizi akauliza kama nimepitisha rangi ya kupenya, ile inayoingia ndani ya ufa na kuuonyesha. "Nitapitisha nikimaliza, bosi." Nikagonga, mfereji unaoachwa na sindano ukatoka laini unang'aa, watu wakausifu. Nikapuliza rangi: safi. Nikasaini.

Kumbe ndani ya andakati, kijitaro kilichoyeyuka kwenye bamba ukingoni mwa mshono, mlikuwa na ufa mwembamba. Sindano zilikunja chuma juu yake, zikauziba mdomo. Rangi ingepenyea wapi? Ufa uliendelea kukua kreni ikipita juu yake, hadi siku ulipotoka nje, mrefu kuliko kiganja changu. Kreni ikasimamishwa. Nikapandishwa jukwaani na grinda kuuchimba mshono ule niliokuwa nikijivunia, na wale wale walionisifu wakawa wanapita chini wakiangalia viatu vyao. Inspekta, mzee mmoja mpole, aliniuliza swali moja: "Ulipima kabla au baada?" Nikamwambia baada. Akafunga daftari, akaondoka. Afadhali angenitukana.

3. Kina cha mfereji: milimita 0.2 hadi 0.6. Mstari wa zamani wa ukingo ukionekana bado, rudia.

4. Vizibo vya masikio. Mtetemo wa nyundo yenyewe, kilohezi 20 na ushee, hausikiki. Sindano zikigonga bamba zinasikika mtaa mzima.

5. Ukishagonga, moto marufuku, maana joto hulegeza ule mkazo wa kubana mlioutolea jasho. Mbinu hii ilianzia Severodvinsk, Urusi, miaka ya 1970, kwenye nyambizi. Sidhani kama wale mafundi walikuwa na kijana wa kupita nyuma yao na tochi ya gesi akinyoosha mabamba. Sisi tunaye, na anajijua.