Maswali ya Wasomaji: Kanuni Mpya za Drafti ya FPL

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu drafti ya Fantasy Premier League (FPL), mchezo wa mtandaoni ambamo unapanga kikosi cha wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani. Si ile drafti ya kete, bali ule mtindo wa FPL ambamo kila mchezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza anamilikiwa na mtu mmoja tu kwenye ligi yenu. Hakuna bajeti wala kepteni wa kuzidisha pointi kama kwenye FPL ya kawaida. Mnachagua kwa zamu mpaka kila mmoja afikishe wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3.

Tuko 12. Msimu uliopita wenzetu wawili walimaliza drafti bila hata kipa mmoja anayecheza, na mpaka leo wananung'unika. Tutunge kanuni gani? (Msomaji, Dodoma)

Wana haki ya kunung'unika. Ligi ina klabu 20, kwa hiyo makipa wanaoanza kila wiki ni 20. Ninyi 12, kila mtu makipa wawili, mnahitaji 24. Wanne wamepungua kabla hata hamjakaa kitako, na wachache wakiwahi kubeba wawili wazuri, wengine wanabaki na makipa wa benchi. Mkiwa 10 hesabu inakaa sawa kabisa. Shida huanzia mtu wa 11.

Dawa tunayoiamini ni hii: mtu achague lango, si kipa. Anayemchukua kipa namba moja wa Arsenal amelichukua lango zima la Arsenal. Kipa wa pili wa klabu hiyo haguswi na mtu mwingine, na mwenye lango atamchukua kwenye mzunguko wa 15. Namba moja akiumia, wa pili anaanza klabuni na kwako pia, kwa sababu programu ya FPL humwingiza yenyewe kipa wa benchi iwapo uliyempanga hakucheza. Malango 12 yanachukuliwa, manane yanabaki sokoni, na anayetaka kuhama lango anawaacha makipa wote wawili.

Pa kuwa macho ni dirisha la Januari. Klabu ikisajili kipa mpya katikati ya msimu, wawili wakamwomba kwa pamoja, mtagombana. Andikeni mapema kwamba kipa mpya ni wa mwenye lango, na kwamba asipomsajili ndani ya wiki mbili yuko huru kwa yeyote.

Anayeshika namba moja anambeba Haaland, mfungaji wa Manchester City, kisha bado anarudi kuchota. Kuna njia ya haki zaidi ya nyoka, yaani zamu za kwenda na kurudi? (Msomaji, Arusha)

Ipo, na haihitaji zaidi ya karatasi. Katika nyoka ya kawaida ya watu 12, mzunguko wa kwanza unakwenda kutoka namba 1 hadi 12, wa pili unarudi 12 hadi 1, wa tatu 1 hadi 12. Aliyetangulia anapata chaguo la 1, la 24 na la 25. Wa mwisho anapata la 12, la 13 na la 36. Tazama hilo la 36: mwanya kati ya chaguo lake la pili na la tatu ni mrefu mno, na viungo wazuri wanaishia humo.

Geuzeni mzunguko wa tatu peke yake, uanze tena na namba 12. Sasa wa mwisho ana la 12, la 13 na la 25. Wa kwanza ana la 1, la 24 na la 36. Kuanzia mzunguko wa nne nyoka inaendelea kama kawaida, 1 hadi 12, kisha kurudi.

Programu yenyewe inafuata nyoka ya kawaida, kwa hiyo gaweni wachezaji mezani kwanza. Karani aandike jina, klabu na nafasi kama programu inavyoitambua, maana kuna wachezaji mnaowaona washambuliaji ilhali wameandikwa viungo, na majina ya ukoo hujirudia. Baadaye, siku ya drafti ya kwenye programu, kila mtu anachukua walio kwenye orodha yake tu. Zamu haina maana tena kwa kuwa hakuna atakayegusa mali ya mwenzake. Kinachoharibu ni mtu kuchelewa: muda wake ukiisha, programu humchagulia, na inaweza kumpa mchezaji wa mwingine. Kila mmoja awe mtandaoni muda wote. Ikitokea hivyo hata hivyo, warudishiane kwa kubadilishana kabla ya wiki ya kwanza.

Tunafikiria mnada badala ya zamu. Tuko wanane. (Msomaji, Nairobi)

Fanyeni. Ndiyo njia pekee ambayo kila mtu ana nafasi ya kumpata kila mchezaji, na sisi tunaipenda kuliko zote.

Mpe kila mmoja pointi 200 za kununulia, dau la chini pointi 1, nyongeza pointi 1. Watu wanapokezana kutaja jina. Anayetaja ndiye anayefungua dau. Karani anahesabu moja, mbili, tatu, kisha anagonga meza. Wachezaji ni 120, hivyo tengeni saa tatu na mapumziko mawili.

Kanuni isiyokosekana ni ya dau la juu: pointi ulizobakiza, toa nafasi ulizobakiza, ongeza moja. Mwenye pointi 60 na nafasi 5 hawezi kuvuka 56, kwa sababu lazima zibaki 4 za kununua wanne wengine. Bila kanuni hii mtu atamaliza pointi na kikosi kina watu 11, na hapo mnada wote unakwama.

Mtu asiruhusiwe kupandisha dau la mchezaji wa nafasi aliyokwisha kuijaza. Na jiandaeni kwa bei ya washambuliaji: ninyi wanane mnahitaji 24, na klabu nyingi huanza na mmoja tu. Mwenye akili ananunua mmoja wa uhakika na wawili wa pointi 1, kwa kuwa kikosi cha kwanza kinadai mshambuliaji mmoja tu.

Tuweke kikomo cha wachezaji watatu kwa klabu moja? (Msomaji, Mwanza)

Hapana. Anayejaza watu watano wa klabu moja anajiadhibu mwenyewe mechi yao ikiahirishwa.

Wa mkiani walimgawia rafiki yao wachezaji wazuri mwezi wa nne, na ifikapo Februari nusu ya watu hawafungui hata programu. (Msomaji, Mombasa)

Hayo mawili ni ugonjwa mmoja: mtu asiye na cha kupigania. Kwa kubadilishana, wekeni mwisho wiki ya 28 kati ya 38 za ligi, na kila makubaliano yakae saa 24 kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kubonyezwa. Mkiwa 12, wahusika wawili hawapigi kura. Wakipinga 6 kati ya 10 waliobaki, yanakufa. Pigeni marufuku pia kumrudisha mchezaji kwa aliyemtoa ndani ya wiki nne, maana huo ni mkopo.

Halafu wapeni wa chini sababu ya kuamka. Chezeni ana kwa ana, yaani kila wiki wawili wanashindanisha pointi zao: watu 12, kila mmoja ana wapinzani 11, mara tatu ni wiki 33. Zinabaki 5. Wanne wa juu wacheze nusu fainali wiki ya 34 na 35 kwa jumla ya pointi, fainali wiki ya 36 na 37. Wiki ya 38 iacheni nje, kwani klabu zisizo na la kupigania hubadilisha vikosi. Wanne wa chini nao wacheze kombe lao wiki hizohizo, na mshindi wake ndiye achague wa kwanza msimu ujao. Mkimpa nafasi hiyo aliyeshika mkia, kuna watakaofanya makusudi kupoteza. Akipewa mshindi wa kombe la chini, mtu wa 11 atakuwa anapanga kikosi chake mwezi wa tano.