Daftari la salfa la marehemu baba

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mtoto wa tatu kati ya saba, kwetu Mikindani. Baba anatimiza mwaka tangu atutoke na tunamsomea hitma. Ndugu zangu wamenitwisha kusoma historia ya marehemu, eti kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nimeandika alizaliwa mwaka gani, alisoma wapi, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Nilipomsomea mama alinyamaza, kisha akauliza, “Huyo ni nani?”

Baba alikuwa mkulima wa korosho upande wa Naliendele. Mashine ya kupulizia ilikuwa yake, lakini ilizunguka kwa wajane wote wa mtaani. Masufuria ya shughuli ya mtaa yalilala kwetu, na sasa wadogo zangu wameanza kuyagombea. Ameacha pia daftari la watu aliowakopesha salfa, ile dawa ya unga ya kupulizia mikorosho. Kaka mkubwa anataka lisomwe siku hiyo ili kila mtu ajijue. Mistari mingi baba ameandika “yameisha”, ila mama anaapa hajaona hata shilingi. Nisome nini, Mama?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni tena. Mwaka si kitu.

Tuanze na daftari, maana hilo ndilo litakalowavunjia shughuli. Lisisomwe. Mtu amevaa kanzu yake kuja kumwombea baba yenu, halafu asikie jina lake na mifuko miwili ya salfa mbele ya wakwe zake? Kaka yako ana haki ya kudai, hana haki ya kuaibisha. Alichokuwa akidai marehemu ni mali yake, kinaingia kwenye mirathi kama inavyoingia mikorosho. Kaeni na mama yenu na msimamizi wa mirathi. Anayetaka kusamehe asamehe fungu lake. La mdogo wake ambaye hajabaleghe hawezi kulisamehe. Sheikh wenu atawapigia hesabu. Mimi ningeanza kuhangaikia deni la upande wa pili: kama yupo anayemdai baba, alipwe kabla hata shina moja la mkorosho halijagawiwa.

Sasa hilo neno “yameisha”. Umelipitia mbio, na hapo ndipo alipo baba yako.

Mimi nimelelewa Nachingwea kwenye mikorosho, hesabu hizo nazijua. Salfa ni mfuko wa kilo 25, na ubwiriunga, huo ugonjwa wa mikorosho, haungoji mtu apate fedha. Mnapuliza, baada ya majuma mawili mnarudia, tena na tena. Ukiruka, maua yanavaa unga mweupe, yanakauka, na mwaka huo utakula mabibo ya jirani. Mjane asiye na kitu mwezi wa Julai huwezi kumwambia asubiri minada ya Oktoba. Nakisia baba yako alimpa Julai, Oktoba ikafika akamwona anahangaika na sare za shule, akarudi kwenye daftari akaandika hilo neno moja. Muulize mama kama nimekosea.

Kwa hiyo usianze na mwaka wa kuzaliwa. Anza na alfajiri moja: umande bado uko kwenye majani, kusi haijaamka, baba kajifunga kitambaa puani na mashine mgongoni, ninyi mko nyuma na salfa kichwani, na shamba mnalokwenda si lenu. Lenu litafuata kesho kama petroli itabaki. Mimi nabahatisha, wewe ulikuwepo. Unajua lilikuwa shamba la nani, na nani aliwaletea uji.

Nakwambia hivi kwa sababu yalitukuta. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori. Siku ya mazishi ndugu yetu mmoja alisoma karatasi: aliajiriwa mwaka huu, akastaafu mwaka ule. Watu wanatazama viatu vyao. Alipomaliza akasimama mama mmoja wa Lindi, hatukumjua. Akaeleza kwamba zamani, kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, alikwama kivukoni Ndundu siku nne na mtoto mgonjwa. Masika, Rufiji imefura, pantoni haivuki. Baba akamwachia kiti cha mbele, yeye akalala chini ya lori kwenye tope. Mama yangu ndiyo mara ya kwanza anasikia. Alichokijua yeye ni kwamba mumewe alirudi safari hiyo kachelewa, hana posho, koti limeharibika, na waligombana mpaka majirani wakaingilia.

Basi muulize na mama yako waligombana kwa nini. Mwanaume anayepulizia mashamba ya watu lazima kuna siku la kwake lilichelewa. Mama akikuruhusu, weka moja la namna hiyo, watu watakuamini. Mengine watani watayasema bila ruhusa ya mtu. Waachieni nafasi, msije mkajifanya watu wa mjini. Ukishaandika, msomee mjomba wako mkubwa kwanza, kwa faragha. Kwetu huku mjomba akikusahihisha mbele ya hadhara utaikumbuka siku hiyo. Miaka na idadi ya wajukuu viweke mwishoni, kwa haraka. Dakika saba zinatosha, pilau haipendi kungoja.

Masufuria, kama yalinunuliwa kwa michango ya mtaa, si mirathi, asiyagombee mtu. Yahesabuni pamoja na mifuniko yake, myakabidhi kwa wazee wa mtaa mbele ya mashahidi. Ila iwe baada ya hitma, si kabla. Siku hiyo nanyi mtayahitaji.