Maji baridi ya Antaktika: baridi ipi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Ninafundisha baiolojia sekondari na ninaandaa kijitabu cha Kiswahili kuhusu viumbe wa ncha za dunia. Niliandika hivi: "Katika maziwa ya maji baridi ya Antaktika mna uduvi mdogo sana ambao ni mabaki ya zama za barafu." Mwenzangu aliyenipitia rasimu amekata maneno "ya maji baridi" na kuandika pembeni: "Antaktika nzima ni baridi, hapa unajirudia." Kisha "uduvi mdogo" akaufanya "uduvi wadogo". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na maneno yaliyokatwa, maana hapo ndipo penye kazi kubwa.

Hukujirudia. "Maji baridi" ni jina lenye maana mbili. Ukiyaomba dukani utapewa yaliyotoka kwenye friji. Lakini ukisema sato na sangara ni samaki wa maji baridi, huzungumzii joto hata kidogo. Maji ya juu ya Ziwa Victoria huwa na nyuzi 25 hivi, na anayeoga Mwanza hatetemeki. Hapo "baridi" ni kinyume cha "chumvi". Kwetu maana hizi mbili hazigombani mara nyingi, kwa sababu muktadha huzitenganisha. Antaktika haina muktadha wa kuzitenganisha, na mwenzako ameisoma ile ya friji. Wanafunzi wako nao wataisoma hivyohivyo.

Kosa hilo si dogo, kwa sababu kule kuna maziwa ya aina zote mbili, tena jirani kwa jirani. Chukua vilima vya Vestfold, Antaktika ya Mashariki, palipo na kituo cha utafiti cha Australia kiitwacho Davis. Pana Crooked Lake, ziwa kubwa lisilo na chumvi, na pana Deep Lake, ambalo chumvi yake ni karibu mara 10 ya ile ya bahari. Chumvi hiyo hulizuia Deep Lake lisigande hata maji yake yakikaribia nyuzi 20 chini ya sifuri. Crooked Lake hujifunika barafu, na maji yaliyo chini ya barafu hiyo hayashuki chini ya sifuri. Kwa hiyo wakati wa majira ya baridi lile tunaloliita "ziwa la maji baridi" ndilo lenye maji ya vuguvugu ukililinganisha na jirani yake wa chumvi. Ukimwachia mwanafunzi neno "baridi" peke yake, atatoka na picha iliyopinduka.

Beaver Lake linaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Ziwa hilo limeungana na bahari kwa chini, kupitia uvungu wa rafu kubwa ya barafu ya Amery (barafu nene inayoelea juu ya bahari), na barafu ya ziwa hupanda na kushuka kwa maji kujaa na kupwa kama chombo kilichotia nanga. Maji yasiyo na chumvi yameelea juu, ya bahari yamelala chini, na yote ni ya kuganzisha vidole. Katika tabaka la juu anaishi kiumbe anayeitwa Boeckella poppei. Sasa andika "anaishi katika tabaka la maji baridi" uone: msomaji atadhani lile la chini lina joto.

Kwa kijitabu chako, basi, ninapendekeza "maji matamu". Watu wa pwani hulitumia neno hilo kila siku kwa kisima kisicho na chumvi, na hakuna atakayefikiri umetia sukari. Wazee wamesema pia "maji ya pepo", jina zuri sana, ila wanafunzi wengi wa leo hawalijui. "Maji baridi" ibaki kwa sato na sangara.

Sasa uduvi. Ngeli ya neno hili hufuata unachokizungumzia. Uliokaushwa na kupimwa kwa kopo sokoni ni kitu cha mafungu, kama unga: uduvi huu ni mkavu, uduvi umepanda bei. Aliye hai majini ni mnyama, na Kiswahili humpa mnyama upatanisho wa A-WA hata jina lake likiwa na umbo jingine. Ndiyo maana tunasema kiboko huyu, na ndiyo maana "kamba imekatika" ni ya kufungia mbuzi lakini "kamba amekatika" ni wa baharini. Kwa hiyo mwenzako amepatia: uduvi wadogo. Neno lako "ambao" halikuweza kukuonya, kwa kuwa liko vilevile katika ngeli zote mbili. Jaribu kitenzi: uduvi uliobaki (wa kwenye kopo), uduvi waliobaki (wa ziwani).

Lakini je, hao ni uduvi kweli? Uduvi wetu ni jamaa wa karibu wa kamba. Boeckella ni kopepodi, kikundi kingine cha krasteshia, yaani wanyama wenye gamba kama kaa na kamba. Kwa urefu hazidi punje ya ufuta, ana jicho moja tu katikati ya kichwa na papasi mbili ndefu, na jike hubeba mayai katika kifuko kimoja chini ya tumbo. Yapo mayai mengine yanayozama topeni na kungoja humo mpaka hali iruhusu kuanguliwa. Katika maziwa ya maji matamu ya Antaktika ya Mashariki hakuna samaki hata mmoja. Kijinyama hiki chenye milimita chache, pamoja na Daphniopsis studeri wa jamii ya dafnia (krasteshia wengine wadogo), ndio wakubwa wa maji yale, na chakula chao ni mwani na bakteria, navyo ni haba. Ningeandika mara ya kwanza "krasteshia wadogo, jamaa wa mbali wa uduvi", kisha "krasteshia" tu hadi mwisho.

Limebaki neno ambalo mwenzako hakuligusa, nami ndilo linalonisumbua zaidi: "mabaki". Mabaki ni ya kilichokwisha, kama chakula, jengo au mwili. Mashapo ya Lake Reid, katika vilima vya Larsemann, yana mabaki halisi ya krasteshia, na yameendelea kutuama tangu kabla ya kilele cha zama za barafu, miaka 20,000 hivi iliyopita. Huo ni mmoja wa ushahidi kwamba maziwa machache hayakuzikwa na barafu. Ushahidi mwingine ni kopepodi Gladioferens antarcticus wa vilima vya Bunger: hajapatikana popote nje ya Antaktika, na ndugu zake wa jenasi hiyo wako Australia na New Zealand. Ni vigumu kusema ameletwa juzi na ndege. Wanasayansi wanapojadili asili ya viumbe hawa, wanauliza kama walivuka kipindi kile wakiwa hai au walifika baadaye. Ukiwaita waliovuka "mabaki", umewaweka pamoja na wafu walio topeni.

Neno lao ni "manusura". Linatokana na kunusuru, tunalisikia kila siku kwa walionusurika katika ajali, na halimwachi msomaji na shaka kwamba aliyetajwa yu hai. Usiwape wote, lakini. Branchinecta gaini, krasteshia mwingine anayefikia sentimita 2 hivi katika Rasi ya Antaktika, yupo pia Patagonia, na huenda mayai yake yalibebwa na ndege barafu ilipopungua. Huyo ni mhamiaji, kutoka kitenzi hamia, yaani alikwenda mahali akakaa. Ndege waliombeba ndio wahamaji, kutoka hama, kwa sababu wao huenda na kurudi.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Katika baadhi ya maziwa ya maji matamu ya Antaktika mna krasteshia wadogo sana ambao huenda ni manusura wa zama za barafu."