Kuisifu riwaya ya uhalifu yenye kicheko cheusi

Ndugu, umeuliza uisifu vipi A Rage in Harlem ya Chester Himes (1957) bila kuishia kwenye "inachekesha, inatisha". Chagua tukio moja ulichambue mpaka mwisho. Chukua la mwanzo: Jackson, mhusika mkuu, anatoa noti 150 za dola kumi kumi, ameahidiwa kwamba zikipita kwenye jiko zitageuka za mia mia. Jiko linalipuka, pesa haionekani tena. Mweleze msomaji kicheko kinatoka wapi: utapeli unasimuliwa kwa utulivu, hatua kwa hatua, kama kazi ya kawaida, na sisi tunaushtukia kabla ya mwenye pesa. Huo ndio ufundi wenyewe, usiupite haraka.

Halafu onyesha kicheko kinapokatika. Goldy, pacha wa Jackson, anavaa nguo za mtawa na kuuza tiketi za kwenda mbinguni. Ndani ya kitabu hichohicho mpelelezi Coffin Ed anamwagiwa tindikali usoni. Weka mambo haya mawili katika aya moja, yapambane.

Uhakiki mwingi huharibika kwa kusimulia kisa chote. Sentensi tatu zinatosha, na hatima ya Goldy usiitaje kabisa. Tuzo ya riwaya za uhalifu ambayo kitabu hiki kilipewa Ufaransa mwaka 1958 ipe nusu sentensi. Kasoro nayo itaje: Imabelle, mpenzi wa Jackson, anatazamwa mno kwa macho ya wanaume, mawazo yake hatuyasikii vya kutosha. Ukilisema hilo waziwazi, sifa zako nyingine zitaaminika.